Petroli Tupu kwenye Gari la Baba

Laiti ningekataa ushauri wa baba mdogo asubuhi ile niliyokwenda kuanza kidato cha kwanza. "Tia petroli tupu," aliniambia. "Oili ya nini? Ufike shuleni bila moshi, kama mtoto wa watu." Nikakubali.

Wa rika langu pale Rodi Kopany mtavikumbuka vile vigari viwili vya Uswidi vyenye mgongo wa kobe, vilivyotamba zamani kwenye mashindano ya magari. Enzi zetu, miaka ya tisini, vilikuwa vimeshakuwa vikongwe. Kwa sura vilikuwa mapacha. Ndani havikuwa na undugu. La baba lilikuwa toleo la kwanza, ambalo oili yake huchanganywa na petroli kama ya injini ya mashua. La baba mdogo Okelo, aliyenunua dhahabu Macalder, lilikuwa toleo la baadaye, petroli kwake na oili kwake.

"Omera, ndugu yangu, likipita lako mbu wanahama," baba mdogo angesema.

"Na lako linakoroma kama fahali mwenye mafua," baba angemjibu.

Baba akishamimina oili kwenye tangi, sisi watoto tulipanda bampa ya nyuma tukaruka-ruka ili ichanganyike. Tulinukia petroli hadi kanisani. Watoto wa siku hizi wanacheza kwa simu. Kiungo chao chenye mazoezi ni kidole gumba.

Siku hiyo baba aliniachia kazi ya oili. Niliuficha mkebe nyuma ya ghala, kisha tukaruka juu ya bampa kwa bidii, tukichanganya petroli na petroli.

Tukiteremka na baba kuelekea Homa Bay, moshi ulipungua, halafu sauti ikakatika. Magari yale, ukiondoa mguu kwenye mafuta, yalijiendea yenyewe mteremkoni bila kuvutwa na injini, kwa hiyo baba hakushtuka.

"Unasikia lilivyotulia?" aliniuliza kwa fahari. "La Okelo lingekuwa linapiga kelele hapa."

Alilisifu njia nzima, nami natokwa jasho. Mteremko ulipoisha, gari nalo likaisha. Baba akazungusha ufunguo. Injini ilikuwa imekwama kama jiwe.

Nikamwambia ukweli. Akalishusha sanduku langu la bati.

"Basi," akasema, "moshi umeuondoa."

Tukalibeba sanduku, yeye upande huu, mimi upande ule, hadi shuleni.

Injini ile haikupona, na baba hakununua gari lingine. Sasa wanangu wananiita mzee. Wanabonyeza kitufe, gari linaondoka bila sauti, na humo ndani kila mtu kimya na simu yake. Baba naye nyumbani alikuwa mtu wa kimya. Aliongea nami akiwa ameshika usukani tu. Aliishi miaka mingi baada ya siku ile, na tulisalimiana vizuri kila siku, lakini hatukuwahi tena kuzungumza.