Kipaza Anajiandaa Kwenda Kutazama Gofu

Fundi wa kunyoosha bodi za magari hawezi kuwa na sauti ndogo. Ukishinda kutwa ukigonga bati, na mwenzako pembeni anagonga lake, hata kuomba maji ya kunywa lazima upayuke. Basi huyu wetu alipayuka gereji, akapayuka njiani, akifika nyumbani akapayuka tena, na mtaa mzima ukajua kama ameshiba au bado. Wakamwita Kipaza. Naye akalipenda jina, maana hakuna aliyemweleza kuwa lilikuwa malalamiko.

Gofu aliiona kwenye televisheni ya kinyozi. Wateja wengine walitaka stesheni ibadilishwe, mchezo gani huo wa watu kutembea tu. Yeye akang'ang'ania. Kilichomnasa ni ule mlio wa fimbo ikikutana na mpira, tak, pigo moja safi, halafu basi. Yeye bati haliwi sawa mpaka alipige hadi mkono ufe ganzi, na hapa kulikuwa na mtu anapiga mara moja tu huku umati umebana pumzi. Televisheni, alisema, inaumeza ule mlio nusu. Alitaka kuusikia kwa masikio yake mwenyewe.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa mkata nyasi kwenye kiwanja cha gofu. Siku moja alikuja kuwatembelea, akasema mashindano ya wachezaji wa kulipwa yanakaribia na tikiti mbili hazimshindi.

"Ila shem, kule hawataki kelele. Ukikohoa wakati mtu anataka kupiga mpira, unatolewa nje."

"Nitanyamaza," Kipaza akasema, na kuku wa jirani wakatimka.

"Huwezi," mkewe akasema. "Labda uanze mazoezi leo."

Akaanza kweli. Gereji aliwatangazia wenzake kuwa anapewa tikiti, wakamuuliza ni la kukatwa vipande au ataletewa zima, naye akacheka kwa kujiziba mdomo. Nyumbani alijifunza kunong'ona na kufunga mlango kwa mikono miwili. Kikohozi kikimjia alitoka nacho mbio hadi nyuma ya bafu. Mwalimu wake alikuwa mkewe. Aliinua kijiko juu kama fimbo ya gofu, na mume asitoe hata neno mpaka kijiko kishuke. Siku nyingine kijiko kilikaa juu mlo mzima. Kipaza akaona huo ndio upendo.

Wiki moja kabla ya mashindano alirudi mapema, akapita kimyakimya hadi chumbani, akaketi kitandani kusugua raba zake za kwendea. Mkewe na shemeji wakaingia sebuleni kutoka uani. Kati yao na yeye palikuwa na pazia tu. Zamani wangejua yupo tangu alipokunja kona.

"Dada, mwambie basi," shemeji alisema. "Ataniuliza tikiti zake."

"Mwambie zimeisha."

"Hazikuwepo, zitaishaje? Mkata nyasi kama mimi, nani anampa tikiti?"

"Nakuomba, niachie hizi siku zilizobaki. Hujui nilivyopumzika. Nalala mchana. Nasikia redio yangu. Ningejua, hii gofu ningeizua tangu tulipooana."

Wakacheka wote wawili, na kicheko hicho ndicho kilichomkata maini.

Alifunua pazia, raba moja mkononi.

"Kumbe upo?" mkewe akasema.

"Nipo."

Shemeji aliutazama mlango. "Shem, tulikuwa tunatania tu."

Kipaza alitaka kupayuka mpaka mabati ya paa yatetemeke, na haki hiyo alikuwa nayo. Alikuwa amefanywa mjinga ndani ya nyumba yake, na mtu anayekula naye sahani moja. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa ile ndogo, ya mazoezi.

"Ungeniambia tu ninyamaze."

"Nimekwambia miaka yote," mkewe akasema. "Ulikuwa unaongea, hukunisikia."

Hilo lilikuwa kweli, na halikumpunguzia maumivu hata kidogo. Akaiweka raba sakafuni.

"Kunyamaza sawa," akasema. "Lakini jana umenipigia pasi shati la kwendea. Ukaniuliza tutakaa upande gani wa jua, unitafutie kofia. Ulipokuwa unalikunja lile shati, ulikuwa unawaza nini?"

Shemeji alikuwa ameshatoka. Kwa mara ya kwanza tangu waoane, Kipaza akasubiri kusikia mkewe atakachosema.