Tundu la Kushoto Kwenye Kaburi la Farao

Nilimfungia kaka yangu kaburini kwa makusudi, mchana kweupe, huku mama yetu akitazama na kucheka.

Kaburi lenyewe nililijenga mimi. Tulieni niwaeleze.

Kazi yangu ni kubuni vyumba vya mafumbo. Mteja analipa, anafungiwa ndani, anapewa saa moja. Akifumbua yote mlango unafunguka, akishindwa anafunguliwa kwa aibu. Bosi wangu alitaka kaburi la Farao, nami miezi mitatu nikawa nachora macho na ndege ukutani na kuchonga jeneza la mbao.

Kazi hii ina mwiko mmoja: aliyebuni chumba hakijaribu mwenyewe, maana majibu anayajua. Unatafuta mtu asiyekijua, unamfungia, wewe unakaa chumba cha pili unamtazama kwenye skrini.

Sikufikiri mara mbili.

Kaka.

Nilipokuwa na miaka sita, yeye kumi na miwili, alinisukuma ndani ya kabati la nguo akafunga kwa ufunguo. Akaniambia, "Ukitoa sauti nakuua." Nilikaa humo mpaka nikajikojolea. Alipokuja kunifungulia, uso ulikuwa umemvimba. Baba alikuwa amemtandika. Nikafurahi, nikasema moyoni Mungu si Athumani.

Hajawahi kuniomba msamaha. Tena alipokua akaota maringo. Unamwita, anapita kama hajakusikia. Kwenye shughuli za familia anajitenga mwisho wa meza. Miaka ishirini na nane namlia taimingi.

Nilitaka kitu kimoja tu: nimsikie akiomba kufunguliwa.

Basi siku hiyo nikachomoa waya wa kitufe chekundu, kile anachobonyeza mteja akizidiwa. Kwa kazi yetu, hilo ni kosa la kufukuzwa. Nikawaalika mama na dada yetu mdogo waje watazame.

"Leo mtamwona bwana mkubwa wenu," nikawaambia.

Fumbo la kwanza, la kupanga picha, alilimaliza kwa dakika sita. La pili, la kugeuza vioo mpaka mwanga upige jicho la ukutani, dakika tisa. Nikaanza kukereka.

La tatu ndilo nililojivunia. Jeneza nimelibana kwenye kona, na upande wa kichwani lina tundu. Ukuta ulivyo, sikio linalofika pale ni la kushoto tu. Ukitega, unasikia sauti yangu ikinong'ona tarakimu nne za kufuli la mlango. Mtoto wa darasa la pili analiweza.

Kaka akainama, akatega sikio. Akainuka, akalitazama tundu. Akainama tena.

"Anasikiliza nini muda wote huo?" dada akauliza.

"Anapokea wosia wa marehemu."

Tukacheka mpaka mbavu zikauma, mama naye.

Nikawasha maikrofoni. "Kaka, hata watoto wanapita hapo. Sikiliza vizuri."

Alijaribu kugeuza kichwa aingize upande wa pili, ukuta ukamchubua shavu. Akaanza kubahatisha tarakimu. Shati lilimloa. Mwisho akabonyeza kitufe chekundu. Akabonyeza tena, na tena.

Saa ikaisha. Sikufungua.

Mama alikuwa ameacha kucheka. "Hilo fumbo linafanyaje kazi?"

"Ni sauti, mama. Anatega sikio tu."

"Sikio gani?"

"La kushoto."

"Mfungulie."

"Bado hajaomba."

"Mfungulie, mjinga wewe! Sikio hilo lilikufa siku ulipovunja redio ya baba yako."

Redio. Nilikuwa nimeisahau kabisa.

Mama akanieleza, anatazama skrini, si mimi. Baba alirudi na mkanda, ananitafuta. Kaka akanificha kabatini, akaenda kusema ameivunja yeye. Kofi la kwanza lilitua sikioni.

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulikuwa mtoto. Halafu ukakua ukawa mtu wa kununa. Nani angejisumbua?"

Nikafungua mlango.

Kaka alitoka na damu shavuni. "Chumba kizuri," akasema. "Kile kitufe ni kibovu, au kimechomolewa?"

Nikainamisha kichwa.

"Sawa," akasema, akachukua koti lake.

Nilimkimbilia barabarani. Nikaenda naye sambamba, nikamwambia yote. Kwamba sikujua. Kwamba mimi ni mshenzi. Kwamba anisamehe. Hakugeuka hata mara moja. Akavuka barabara, nikabaki nimesimama, na hapo ndipo nikagundua kwamba muda wote ule nilikuwa kushoto kwake.

Nikajipa moyo kwamba hakunisikia.

Jioni nikampigia simu. Akapokea, akaniacha niseme yote upya mpaka mwisho.

"Nilikusikia pale barabarani," akasema. "Ulikuwa unapiga kelele." Akakata.

Jumamosi tulifungua kaburi kwa wateja. Bosi amekataa tundu lihamishwe, anasema ndilo wanalolipenda kuliko yote. Kila siku nawatazama wakiinama, wanaitegea sikio sauti yangu, wanacheka.

Ndugu yangu unayesoma, mtu akikupita bila kuitika, usimfungulie kesi moyoni. Zunguka upande wa pili umwite tena, mapema. Mimi nilizunguka baada ya miaka ishirini na nane, na bado nikasimama upande ule ule.