Daftari la Mabua ya Mpunga

Tap! Tone moja la mvua lilipiga bati usiku, nikaziwazia karatasi za binti wa jirani, mwanachuo, anazotengeneza kwa mabua ya mpunga na kuzianika nje. Bahati nzuri tone la pili halikuja.

Siku mbili baadaye nilimkuta kwenye duka la steshenari hapa Mpanda, akiomba madaftari yake yauzwe pale. Baba yake, mfugaji, alisimama mlangoni na fimbo. Tangu binti auze ng'ombe mtamba aliyepewa naye ili aanzishe biashara hiyo, mzee halitaji jina lake; humwita "huyo" tu.

Mwenye duka alipapasa daftari. "Dada, hii karatasi au chakula cha ng'ombe? Wino si utavuja?"

"Ng'ombe nawajua mimi," mzee akadakia. "Lete kalamu."

Wengi wetu tukijaribu kalamu huandika majina yetu wenyewe. Mzee aliandika polepole, ulimi nje kidogo. Mwenye duka akageuza ukurasa, akauinua kwenye mwanga. Safi kabisa.

"Haya dada, yaache yote," alisema. "Ila mzee, hapa umeandika nini?"

Mzee alimtazama binti yake, akashusha pumzi.

"Kabula."