Miche Arobaini ya Michungwa

Bi Shamsia anautunza uwanja wa mpira wa Korogwe mwaka wa kumi na tisa sasa. Anafyeka majani, anachora mistari kwa chokaa, na funguo za geti hulala kwenye pindo la khanga yake. Timu ya Nyota ya Mkonge, ile ya ligi ya kulipwa, imepanga hapo. Mkataba uliisha Juni. Timu inataka miaka thelathini, halmashauri, yenye uwanja, inasema mitatu inatosha, na barua zinakwenda na kurudi.

Basi asubuhi moja, ugomvi ukiwa bado mbichi, Awadhi, katibu wa timu, akafika na kirikuu, kile kigari cha mizigo, kimejaa miche ya michungwa kwenye viriba.

"Shikamoo mama yangu!"

"Marahaba." Bi Shamsia akamtazama vizuri. Mwaka mzima alikuwa akiitwa "wewe wa getini". Leo amekuwa mama?

"Tumewaletea zawadi. Arobaini! Tunazungushia uwanja, watu wapate kivuli."

Bi Shamsia hakufungua.

Niwaambie kilichomshika mkono. Kwao Kang'ata, ukiazimwa shamba unalima mahindi, unalima mihogo, ukivuna unaondoka. Mti hupandi. Baba yake, Mzee Mhina, alimwonea haya mtu mmoja aliyeazima shamba kwake, akamwachia apande miembe sita tu, pembeni. Walipofikishana baraza la ardhi, yule bwana akaihesabu miembe yake kama ushahidi, na shamba likawa lake. Mzee Mhina alirudi nyumbani na jembe tu.

Abraham, afisa michezo wa halmashauri, ndiye bosi wa Bi Shamsia. Akaja amevaa shati la kupigia picha.

"Bi Shamsia, fungua bwana, mpiga picha yuko njiani."

"Katibu aandike kwanza kwamba miti ni ya halmashauri. Akisaini, nafungua."

Awadhi akaangua kicheko. "Mama, nikikupa pipi pia nisaini?"

"Pipi nameza. Haioti mizizi."

Abraham hakucheka. "Unanitia aibu mbele ya wageni. Kazi hii wanaitaka wengi, unajua? Hutaki kufungua, lete funguo, na kesho usije."

Bi Shamsia akalishika pindo la khanga. Ana binti chuo cha uuguzi, na hana kazi nyingine. Akafungua pindo polepole, akanyoosha mkono.

"Chukua, baba. Lakini muombe wewe hiyo saini. Mistari miwili tu, kisha mpande mpaka jioni."

Abraham akazichukua funguo. Ili yaishe, akachana karatasi kwenye daftari lake, akaandika mistari miwili, akampa Awadhi kalamu. "Saini tuingie, jua linapanda."

Awadhi akasoma. Akasoma tena.

"Hii... ngoja nimpigie mwanasheria."

"Mwanasheria wa kivuli?" Abraham akauliza.

Awadhi alizunguka nyuma ya kirikuu, akaongea kwa sauti ya chini, kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji michungwa. Akarudi hacheki.

"Anasema kwa sasa tusisaini chochote. Lakini kupanda tunaweza."

Abraham akaitazama miche, akamtazama Awadhi, kisha akamrudishia Bi Shamsia funguo kiganjani.

"Usimfungulie mtu mwenye mche."

"Hata akija na wewe?"

"Hata akija na mimi."

Bi Shamsia akalipiga pindo la khanga fundo mara mbili, akamwangalia na Abraham pia kwa pembe ya jicho.