Halbadiri Ambayo Haikusomwa

Mwizi wa gurudumu letu simjui mpaka leo. Mwongo namjua, ni mimi. Nakaa Nyamugari, hapa Gitega. Majina yote humu nimeyabadilisha na langu nimelificha, maana wanaonijua wakisoma watasema tena kwamba naongea kwa huruma. Huruma gani, jamani! Mi nasema ukweli, na ukweli wangu hakuna anayeutaka.

Mume wangu anabeba watu na mizigo kwa kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli huku kwetu. Siku hizi mafuta ni ya kutafuta kwa tochi, magari yamelala, kwa hiyo mwenye kinga nzima ndiye anayekula. Na huyo huyo ndiye anayeibiwa. Wezi hawaondoki na kinga yote, wanajua itatambulika njiani. Wanafungua kipande: pedeli, mnyororo, tandiko. Sisi walitufungulia gurudumu la nyuma, lile lenye spoki nene za kubebea mzigo. Asubuhi tunatoka nje, kinga imepiga magoti ukutani.

Mume wangu ni mtu wa kunyamaza. Alikaa kizingitini akaangalia mikono yake. Mi siwezi kunyamaza. Mdomo wangu unatangulia kila mahali, mwenyewe nafika baadaye.

Tulikwenda kwa shefu wa kartiye, mkuu wa mtaa wetu. Akatuuliza risiti ya gurudumu. Nani anatunza risiti ya gurudumu? Akasema basi tulete ushahidi, au tumlete mwizi. Nikamwambia kama ningekuwa naye mwizi, kwako ningekuja kufanya nini? Mume wangu akanivuta kitenge, tukaondoka.

Ndipo nikamkamata jogoo wangu mwekundu nikaenda naye kwa maalimu, mchana kweupe, kila mtu ananiona. Nilitaka asome halbadiri, kile kisomo cha kumlaani mwizi. Maalimu alikataa. Alisema jambo hilo ni zito, linaweza kumrudia aliyeliomba, nirudi nyumbani nisali na nivumilie. Nivumilie! Watoto watakula uvumilivu? Nilitoka pale nachemka, na kwa aibu ya kurudi na jogoo mkononi nikapitia sokoni nikamuuza.

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Nilipofika kwenye robine, bomba la mtaa, kuchota maji, wanawake wakaniuliza imekuwaje. Ningesema maalimu amekataa, yangeishia hapo. Badala yake niliweka ndoo chini, nikasema kwa sauti ya kufika mpaka barabarani kwamba halbadiri imeshasomwa, na aliyechukua gurudumu alirudishe kabla tumbo halijaanza kumvimba.

Wote wakanipisha nichote kwanza. Nilijisikia vizuri sana, sitaki kukuficha.

Na uongo ukafanya kazi! Haukupita muda, alfajiri moja tunafungua mlango wa parsele, ule ua tunaopanga familia kadhaa, tunakuta gurudumu limeegemezwa ukutani, zima, hata upepo wake haujatoka. Nilipiga vigelegele mpaka wakaamka wote. Mume wangu akalifunga siku hiyo hiyo akarudi kazini.

Ndani ya parsele hiyo alikuwa anaishi fundi wa kinga, nitamwita Fundi Lazaro. Ni Mkristo, mpole, amekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, na Kiswahili chake kimenyooka mpaka tulikuwa tunamtania kwamba anaongea kama redio. Yeye ndiye aliyekuwa akitutengenezea kinga. Wiki hiyo hiyo alijichoma mguu kwa chuma chenye kutu akiwa kazini, akafunga kitambaa akaendelea. Mguu ukavimba.

Unaona mambo yanakoelekea.

Aliyeanza kusema simjui. Walisema gurudumu limerudi na fundi amevimba, na nani mwingine anaweza kufungua gurudumu bila kelele kama si fundi? Mi nilisema tumbo, jamani, sikusema mguu! Lakini kwao kuvimba ni kuvimba. Mama mmoja wa pale kwenye robine akaja mpaka mlangoni kwangu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kumbe mwizi iko jirani yako."

Hapo ndipo ningeokoa kila kitu. Ningesema hakuna kilichosomwa, wangenicheka wiki nzima, basi. Lakini mi kuchekwa siwezi. Nikakunja mikono, nikamjibu, "Mi simtaji mtu. Mungu anajua."

Simtaji mtu! Hakuna namna mbaya ya kumtaja mtu kama hiyo. Afadhali ningemtukana mbele yake, angepata la kunijibu.

Watu wakaacha kumpelekea kinga zao. Watoto wakawa wanapita mbele yake wakichechemea kwa kumwigiza. Mkewe, Mama Devota, ambaye tulikuwa tunaazimana chumvi na mkaa bila hesabu, akawa ananisalimia bila kunitazama. Hakuwahi kuniuliza kitu. Mwishowe walifunga vitu vyao wakaenda Gashoho, kule Muyinga, kwa wazazi wa mke. Siku wanaondoka nilikuwa ndani nachambua maharage. Nilisikia kila kitu kikibebwa, na sikutoka.

Ningeweza kuishi hivyo, nakwambia kweli. Lakini mume wangu alikwenda Magarama kununua pedeli, na muuza vipuri mmoja akamwuliza kwa kunong'ona kama ile halbadiri imeshaisha nguvu. Kumbe yeye ndiye aliyelinunua gurudumu letu, kwa mpita njia asiyemjua. Aliposikia habari za kisomo usingizi ukamtoka, akalirudisha mwenyewe na kukimbia.

Mume wangu alirudi akanieleza, kisha akakaa ananitazama. Nikamwambia yote, ya maalimu, ya jogoo, ya robine. Hakufoka. Alisema tu kwamba spoki za gurudumu lile zilifungwa na Lazaro, tena kwa bei ya jirani, akatoka nje. Bora angenipigia kelele.

Nilikwenda Magarama mbio. Nilimwomba yule muuza vipuri aje Nyamugari aseme mbele ya watu. Akakataa katakata. Aonekane ananunua vitu vya wizi? Nani atanunua kwake tena? Akasema nikimtaja atanikana, na akaanza kuwahudumia wateja kana kwamba sipo.

Basi nikaenda peke yangu kwenye robine, pale pale nilipodanganya. Nikasema wazi kwamba halbadiri haikusomwa, nilitunga, Fundi Lazaro hana kosa. Unadhani walinizomea? Ningeshukuru! Walinionea huruma. Yule mama wa siku ile akanishika bega, akasema, "We iko na moyo mzuri, mama. Unataka kumfunika." Nikaapa. Akauliza, na jogoo je? Si walimwona akienda kwa maalimu, na hakurudi? Nikasema nilimuuza sokoni. Nilimuuzia nani? Sasa nani anakumbuka sura ya mtu aliyenunua jogoo!

Nikamleta maalimu mwenyewe. Mtu mzima yule, na miguu yake inamsumbua, akaja akasimama katikati ya parsele akasema hakusoma kitu. Walimpa kiti, walimwitikia vizuri. Alipoondoka wakasema hawezi kukubali hadharani, mambo hayo ni ya siri. Wengine wakasema basi amesoma maalimu mwingine, wa Ujiji pengine. Nilitaka kugonga kichwa ukutani. Uongo niliusema mara moja tu, ndoo ikiwa miguuni, ukatembea kartiye nzima. Ukweli nausema mpaka sauti inakauka na hautoki hata mlangoni.

Tena wakaanza kunifuata! Huyu kaibiwa kuku, yule kaibiwa simu, wote wanataka niwapeleke kwa maalimu wangu. Nikikataa wananuna, wanasema nimejifanya mkubwa.

Kisha habari zikaja kutoka Gashoho kwamba mguu wa Lazaro umekuwa mbaya na hospitali hataki. Nilifunga safari. Gari nililipata mpaka Karusi, kutoka hapo ni kubahatisha, na kipande cha mwisho nilibebwa kwa kinga na mtu aliyehema njia nzima.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, mguu umewekwa juu ya mto, harufu unaisikia kabla hujaingia. Wakwe zake walikuwepo ndani. Alinikaribisha kwa heshima, akamwambia mkewe aniletee kiti. Nilimweleza kila kitu mbele ya wote, sikubakiza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, mama," akasema. "Lakini kama hakikusomwa kitu, huu mguu umeshikwa na nini?"

Na chuma chenye kutu! Nilimwambia hivyo, karibu nimpigie kelele. Akatikisa kichwa. Vyuma vimemchoma maisha yake yote, na hajawahi kuvimba hivi. Halafu akamwambia Mama Devota alete kopo.

Lilikuwa kopo la zamani la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na spoki zilizopinda na nati chache zenye kutu. Akaeleza taratibu kwamba gurudumu hakulichukua, lakini amekaa akafikiri sana. Alipotufungia spoki mpya, zile za zamani alibaki nazo, na mbili tatu akaziweka kwenye kinga ya mtu mwingine bila kutuuliza. Halbadiri haichagui, akasema, inamshika yeyote mwenye kitu chenu. Akanisogezea kopo.

"Hii ni mali yenu. Naomba mnisamehe."

Yoo, Mungu wangu! Hakuna fundi duniani asiyebaki na vyuma vya zamani. Ukienda kwa fundi unaviacha mwenyewe, hutaki hata kuviona. Nilimwambia hizo ni takataka, si mali ya mtu. Akalisogeza tena kopo kwa vidole, polepole. Nikamwomba twende kituo cha afya. Akasema hospitali wataukata bure, ya kisomo hayatibiwi kule, kwanza kitoke.

Mama Devota alinitoa nje, akanipeleka nyuma ya nyumba kwenye migomba. Hakulia. Aliniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu siku zile za Nyamugari.

"Ukweli wako tumeusikia, mama. Umetusaidia nini?" akasema. "Ingia umwambie umekiondoa, aende hospitali. Atanifia hapa."

Nikisema nimekiondoa, basi kilikuwepo, na kama kilikuwepo basi yeye ni mwizi, tena mbele ya wakwe zake. Nisiposema, namwua na ukweli wangu mkononi. Nilichukia kila mtu saa ile, yule muuza vipuri, wanawake wa kwenye robine, hata Lazaro mwenyewe kwa kuniamini nilipodanganya na kutoniamini nilipotubu. Kisha nikaingia.

Niliweka mkono kwenye goti lake. Nikasoma Fatiha, nikamwombea afya, na dua hiyo ilikuwa ya kweli, Mungu ni shahidi. Halafu nikasema, "Nimekusamehe. Kimetoka."

Alilia kwa furaha. Siku hiyo hiyo walimbeba kwa kinga mpaka kituo cha afya, na wa kituo wakampeleka hospitali Muyinga. Mguu ulipona. Vidole havikupona, vilikatwa, sasa anatembea na fimbo.

Na Gashoho je? Wakwe zake ni watu wa kweli, wakaeleza walichosikia kwa masikio yao, kwamba mwenye mali alitoka Gitega mwenyewe kuja kumsamehe. Sasa hata huko hakuna anayempa kinga yake atengeneze. Mkewe analima mashamba ya watu. Gitega nilimpakazia wizi kwa uongo, Muyinga nikautilia muhuri, na mara hii ya pili nilikuwa natafuta kumsaidia!

Wewe unayesoma, ukiibiwa, sumbua watu. Nenda kwa shefu hata kama anaudhi, zunguka kwa wauza vipuri, piga alama kwenye vyuma vyako vyote kuanzia leo. Lakini usitishe watu kwa kitu usicho nacho, maana huwezi kujua atatishika nani. Na ukiletewa jina la jirani yako mlangoni, usikunje mikono kama mimi. Kataa hapo hapo, ukiwa bado unaweza kuaminiwa.

Juzi Lazaro alimpigia simu mume wangu, wakasalimiana, kisha akaomba kuongea na mimi. Aliuliza habari za watoto, akauliza kama kinga inakwenda vizuri. Halafu akashusha sauti, kama mtu mwenye habari njema ambayo hataki wengine wasikie.

"Nilitaka ujue, mama," akasema. "Siku hizi hata nati ya mtu siichukui. Nimeacha kabisa."