Suruali za Afande

Januari ndio msimu wa fundi wa yunifomu. Lakini ile Januari ya fujo za kura shule zilikaa zimefungwa, na hakuna mzazi alikuja kupimia mtoto. Mathe mwenye karakana yetu hapo Gatina, Kawangware, mama wa Machakos, akasema mwezi ukiisha hivi anauza cherehani zote anarudi nyumbani. Nikamwambia aniuze na mimi, bado nafanya kazi na sihitaji oili.

Ikatokea serikali imebadilisha mambo ya jeshi. Nguo zilizokuwa zinaletwa na meli, sasa zishonwe hapa hapa. Kiwanda kimoja kikapata tenda, kikatupatia sisi wadogo kitambaa cha suruali mbili za majaribio. Zikipita, karakana inabaki. Zikikataliwa, ni Machakos.

Nilizishona mwenyewe siku mbili, nikitembea kwa miguu kutoka kwangu Soweto West. Siku ya tatu akaja afande kukagua, jamaa mrefu kama mlingoti. Alivuta kila mshono mpaka nikaanza kuuhurumia uzi. Hakupata kosa. Halafu akageuza mguu wa suruali, akakuta ndani nimekunja pindo pana kama kiganja.

"Hii yote ni ya nini?"

Mathe akaniangalia. Mkono wangu ulikuwa umeikunja wenyewe kwa mazoea. Kawangware hakuna mzazi anachukua suruali bila hiyo pindo.

"Ni ya kukua nayo, afande."

"Askari wangu mdogo kabisa ana miaka ishirini na mbili."

"Si nasikia huko mnakula vizuri?"

Mathe akanikanyaga mguu. Afande hakucheka. Alitoa kisu kidogo, akafumua uzi, akateremsha pindo, akajipima. Suruali ikafika kwa kiatu.

"Miaka yote nimevaa za meli," akasema, "na soksi zangu zinaonekana na kila mtu. Wacheni pindo kwa zote. Kila askari atateremshiwa yake."

Jioni hiyo Mathe alinituma nitafute mafundi wawili. Nikaanza na jirani yangu, cherehani yake iliungua kwa zile fujo. Aliniuliza kama ni kazi ya ukweli ama ni mdomo wangu tu.

Kesho yake nilifika mapema, nikamkuta huyo jirani ashaketi kwa kiti changu, anakata kitambaa.