Mbio Zisizofika Popote

Juzi, kwenye mgahawa wa chai mtaa wa Al Qusais, huku Uarabuni, walinzi wawili wa ghala waliketi meza ya jirani. Mkenya alimwomba Mtanzania wabadilishane zamu ya Jumapili. Dereva wa mbio za magari za Marekani anayemshabikia tangu sekondari anastaafu, na mbio zake za mwisho zitaonyeshwa kwenye televisheni.

“Wanatoka wapi kwenda wapi?” Mtanzania aliuliza.

“Hawaendi mahali. Wanazunguka uwanja.” Alichora duara kwa kidole kwenye chai iliyomwagika mezani, akipinda kushoto tu.

“Kwa muda gani?”

“Masaa matatu, manne hivi.”

“Kaka, mimi nazunguka ghala usiku kucha na hujanishangilia hata siku moja!”

Mkenya hakucheka. “Ni za mwisho, bro.”

Mwenzake alilitazama lile duara. “Haya, khalas, nitakushikia zamu. Ila ukirudi unieleze raha yake iko wapi.”

Hata mimi ningependa kuelezwa, maana sikuelewa kitu. Lakini walipoondoka na mhudumu akaja na kitambaa, nilimwambia asilifute lile duara kwanza.